Kestane Ndani ya Ndoo ya Mahindi

Siku za shule Sabdio aliamka kabla Akko hajamwita. Aliteka maji ya kuoga, akabandika chai, kisha akazoa majivu ya jana na kuyatia kwenye kopo, kwa sababu Akko hakuruhusu majivu yatupwe. Akko alikuwa bibi wa msichana huyo, mzaa mama yake. Aliuza mahindi, mtama na maharagwe katika soko la Isiolo, na majivu hayo aliyachanganya na mahindi ya akiba ili wadudu wasiyasogelee. Wawili hao walikunywa chai bila maneno mengi. Akko alijifunga leso akaenda sokoni, naye Sabdio akashika njia kutoka Chechelesi kwenda shuleni upande wa Wabera.

Alitembea mbiombio, kichwa chini. Aliyemwona alidhani anaogopa kuchelewa, lakini Sabdio hakuwa amechelewa hata siku moja. Watoto wengine walikwenda wawili wawili, watatu watatu, wakicheka, na mtu anayetembea peke yake polepole huonekana zaidi kuliko anayetembea peke yake kwa haraka. Hilo alilijua mwenyewe, hakufundishwa na mtu.

Alikuwa amekuja mjini mwaka mmoja uliopita kutoka upande wa Kipsing, mama yake alipopata kazi Uturuki. Baba yake alifariki zamani, hata sura yake hakuikumbuka. Katika gredi ya sita kila mtu alikuwa na mwenzake tangu chekechea, na hakuna aliyemchukia Sabdio. Walimsahau tu, basi. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya tangi la maji na kuyasoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake. Alikuwa ameyasoma mpaka akayajua yote: lita elfu kumi, usiweke karibu na moto, safisha kila baada ya miezi sita.

Mama yake, Anisa, alilea watoto wa familia moja katika mji uitwao Bursa. Kila Ijumaa alasiri alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Hoda, kwa kuwa simu ya Akko ilikuwa ya vibonyezo na haikuweza mambo hayo. Hoda alikuwa na duka la nguo mjini, na mara mbili kwa mwaka alisafiri kwenda Istanbul kununua mali. Katika kila ujumbe mama alisema jambo moja: "Nitakuja Aprili, shule zikifungwa." Sabdio aliishi kwa kulisubiri neno hilo.

Jumamosi moja katikati ya Januari, Hoda alirudi kutoka safari. Alimtuma mtu amwite Sabdio dukani.

"Salaam aleikum, Anti."

"Waaleikum salaam. Kuja hapa, mama yako amekutumia kitu. Nimebeba mpaka bega inaniuma."

Ulikuwa mfuko wa kitambaa, mzito, umefungwa kwa kamba. Sabdio aliufungua. Ndani mlikuwa na vitu vya rangi ya kahawia vinavyong'aa, vya mviringo upande mmoja na bapa upande wa pili, vyenye ncha ndogo juu. Kila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko punje kumi za mahindi. Hoda alimpa simu asikilize ujumbe, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akibishana naye juu ya shela.

"Sabdio mama," sauti ya Anisa ilisema, "hizi zinaitwa kestane. Huku saa hii ni baridi, theluji imefika dirishani. Watu wa huku wanachoma kestane kando ya barabara, ndiyo mahindi yao ya kuchoma. Nikipita nikisikia huo moshi, nafikiria soko yetu. Mwambie Akko mzile wiki hii, zote. Hazikai. Kuleni tu, mkinikumbuka."

"Umesikia?" Hoda aliuliza bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Basi umwambie Akko vile mama amesema."

Njiani Sabdio aliukumbatia mfuko kwa mikono miwili. Aliunusa. Ulinuka udongo, na mbao, na kitu kingine ambacho hakukijua lakini aliamua ni harufu ya nyumba anamoishi mama. Kisha wazo likamjia, na likamtisha. Wakizila wiki hii, wiki ijayo kutabaki nini? Kutabaki mfuko mtupu. Mpaka Aprili kulikuwa na miezi mitatu mizima, na katika miezi hiyo hakutakuwa na kitu hata kimoja mle nyumbani kilichoguswa na mkono wa mama.

Alipofika, Akko alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta maharagwe. Aliichukua kestane moja, akaigeuza, akaiuma upande. Hivyo ndivyo alivyopima nafaka zote. Mahindi makavu huvunjika jinoni kwa mlio. Yenye maji hubonyea kimyakimya, na mahindi ya namna hiyo Akko hakununua hata muuzaji angepiga magoti.

"Hii ina maji," alisema. "Mama yako amesema tuifanye nini?"

Sabdio alitazama vidole vya miguu yake. "Amesema ni mahindi ya huko. Tuweke mpaka aje Aprili, ndio tukule pamoja."

"Tuweke?"

"Ee."

"Nafaka iko na maji haiwekwi, Sabdio. Tuianike kwa turubai kwanza, siku sita, saba."

Sabdio aliwaza mbuzi wa jirani, tena akawaza watoto wa jirani, ambao walikuwa wabaya kuliko mbuzi. Uongo wa kwanza ukaomba msaada wa wa pili. "Mama alisema zisianikwe. Ziwekwe tu hivyo."

Akko aliirudisha kestane ndani ya mfuko. Alikuwa hajawahi kumkamata mtoto huyu kwa uongo, kwa hiyo hakuutafuta. "Haya," alisema. "Ni kitu ya huko. Yeye ndiye anaijua."

Walizitia kestane kwenye ndoo kubwa ya plastiki iliyotumika kuwekea mahindi, wakazichanganya na majivu, na Akko akakibana kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia. Sabdio aliomba abakishiwe chache, akapewa kumi na sita. Alizirudisha kwenye mfuko wa kitambaa na kuuweka chini ya mto wake. Kila alipolala mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko.

Ijumaa iliyofuata ujumbe wa mama ulikuja mapema. "Sabdio, niambie, zilikuwaje? Akko alisema nini alipoonja?"

Hoda alimshikia simu mdomoni, akingojea. Sabdio aliisogelea simu. "Zilikuwa tamu sana, Mama," alisema. "Tulikula na maziwa. Akko alisema... alisema ni tamu kama viazi vitamu."

Alikuwa amebahatisha tu. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, na mama alikuwa akicheka kwa furaha mpaka sauti inakatika. "Ee, kweli! Kama viazi vitamu! Hata mimi nilisema hivyo hivyo! Sasa ni kama tumekula pamoja."

Hoda alicheka pia. Sabdio alijaribu kucheka, akashindwa. Kama mama angetilia shaka, labda Sabdio asingeumia hivyo.

Usimwone mjinga. Mtoto mwenye upweke hushika chochote kilicho karibu. Lakini tazama alichojifanyia. Zamani alikuwa mpweke shuleni tu. Sasa alikuwa na neno asiloweza kumwambia Akko na neno asiloweza kumwambia mama, na alikuwa mpweke mpaka nyumbani. Jioni Akko alipomwuliza, "Mama yako anasemaje?" alijibu, "Anasalimia tu," akainamia vitabu vyake. Akko naye alinyamaza na kuendelea kupepeta maharagwe. Nyumba hiyo ya vyumba viwili ilikuwa kimya mno kwa nyumba ya watu wawili.

Wiki mbili baada ya ndoo kufungwa, Mwalimu Ntinyari, aliyewafundisha kilimo, alisema, "Kesho kila mtu alete nafaka moja inayoliwa kwao. Kidogo tu, ya kujaa kiganja."

Sabdio angeweza kuchukua mtama wa Akko. Lakini alijua darasa litajaa mtama na mahindi, na hakuna atakayegeuka kumtazama. Asubuhi alitoa kestane nne chini ya mto na kuzitia mfukoni mwa sketi.

Meza ya mwalimu ilijaa mahindi, mchele, wimbi, mtama na ngano. Abdinasir, aliyependa kuchekesha watu, alileta tambi za paketi na kushikilia kwamba hata hizo ni ngano. "Ni ngano iliyosagwa ikasafiri mbali," mwalimu alimwambia, "lakini leo nitakusamehe." Darasa likacheka. Kisha Sabdio akaweka kestane zake nne mwisho wa mstari, na kicheko kikazima.

"Hiyo ni nini?" Abdinasir aliuliza.

"Ni kestane. Ni mahindi ya Uturuki. Mama yangu ametuma."

Viti vililia. Watoto wote walisimama kuona. Msichana mmoja aitwaye Gacheri, aliyekaa dawati la mbele, ndiye aliyefika wa kwanza. "Naweza shika?" aliuliza, na Sabdio akamwekea moja mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje mjini mtu kumwomba kitu.

Mwalimu Ntinyari aliitazama kwa makini. "Nimewahi kuisoma tu, sijawahi kuishika," alisema. "Sabdio, utaniruhusu nipasue moja?" Alitoa wembe, akaikata katikati, akainua vipande viwili wote waone weupe wa ndani.

"Sasa niambieni. Mahindi ni mmea gani?"

Hakungoja jibu.

"Mahindi ni nyasi." Watoto wakaangua kicheko, naye akangoja waishe. "Chekeni, lakini ni nyasi. Nyasi kubwa. Mtama ni nyasi, wimbi, ngano na mpunga pia. Unapanda, mvua inanyesha, baada ya miezi michache unavuna na bua linakauka. Msimu ukirudi unaanza upya. Hii ya Sabdio si nyasi. Hii ni mbegu ya mti, kama makadamia kwetu Meru. Baba yangu alipanda makadamia nikiwa darasa la kwanza, na tulikula za kwanza nikiwa darasa la sita. Mti ule uko mpaka leo, hatujaupanda tena."

"Kwa hivyo hii ni makadamia?" Gacheri aliuliza.

"Hebu tuone." Mwalimu alikisugua kipande kimoja kwenye karatasi na kuielekeza karatasi dirishani. "Makadamia ingeacha alama ya mafuta hapa. Karanga pia. Hii imeacha maji tu, haina mafuta ya maana. Ndani ni wanga, karibu sawa na mahindi. Ndiyo maana watu wa milimani huko huisaga wakapika uji na mkate. Ukiiangalia kwenye sahani, ni ndugu ya nafaka. Ukiiangalia shambani, ni mti. Umetuletea kitu kigumu, Sabdio."

Sabdio alitabasamu. Tabasamu hilo halikudumu, kwa sababu mwalimu alibonyeza kipande kwa ukucha na unyevu ukatokeza.

"Lakini jambo hili ndilo muhimu zaidi. Punje kavu ya mahindi ina maji kidogo sana, kwa hiyo inakaa mwaka. Hii karibu nusu yake ni maji. Inakaa kama viazi au matunda yanavyokaa. Ukiifungia mahali pasipo hewa, siku chache inaota ukungu, na ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu. Wewe uliziweka wapi?"

"Hizi... kwa mfuko ya kitambaa," Sabdio alisema.

"Vizuri sana. Kitambaa kinapitisha hewa. Zingekuwa kwa chombo kilichofunikwa, hata kushika hatungeshika."

Watoto walimpigia makofi. Sabdio alikaa, akatazama dawati lake, na hakusikia tena kilichosemwa mpaka kengele.

Getini Gacheri alimkimbilia. "Sabdio! Mimi napitia Chechelesi. Twende pamoja?"

Mwaka mzima Sabdio alikuwa akiyangoja maneno hayo. "Leo siwezi," alijibu, na akaondoka mbio akimwacha Gacheri amesimama. Alilia huku anakimbia.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikishika kifuniko cha ndoo kwa mikono miwili, akakivuta. Harufu ilimfanya arudi nyuma. Kestane za juu zilikuwa zimevaa manyoya meupe na ya kijani. Za chini zililainika, na majivu yaligeuka tope jeusi. Alitia mkono akitafuta zilizo nzima, akavunja moja, akavunja nyingine. Ndani zote zilikuwa nyeusi.

"Ni nini hiyo inanuka?"

Akko alikuwa mlangoni, kapu la soko begani. Alitazama ndani ya ndoo. Aliliweka kapu chini taratibu, akaketi sakafuni, kitu ambacho Sabdio hakuwa amemwona akifanya.

"Nilijua," Akko alisema. "Nilisikia hiyo maji kwa jino yangu, nikanyamaza. Miaka thelathini nauza nafaka. Anisa anaosha watoto ya watu kwa baridi, ananunua kitu na mkono yake, anatuma kwa mama yake, na mimi naozesha." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Ijumaa nitaenda kwa Hoda. Nitamwomba mtoto wangu msamaha."

Sabdio alisimama na mikono yake michafu. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Angenyamaza tu, lawama ingebaki kwa Akko, angalau mpaka hiyo Ijumaa. Hapo mjini hakuna aliyejua ila Hoda, na Hoda alikuwa na wateja wake. Lakini Akko alikuwa sakafuni analia kwa sababu yake, na hilo halikuvumilika.

"Akko, mama hakusema tuweke."

Akko aliinua macho.

"Alisema tukule wiki hiyo hiyo. Alisema hazikai. Na kuanika hakusema chochote. Ni mimi nilisema." Maneno yalitoka yote pamoja na kilio. "Na nilimwambia tumekula. Nilimwambia umesema ni tamu."

Akko hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikirudisha kifuniko juu ya ndoo taratibu, mpaka Sabdio akatamani apigwe.

"Mahindi ikinidanganya, naijaribu kwa jino," Akko alisema mwishowe. "Wewe nitakujaribu na nini? Sina kitu. Nashika maneno yako vile unanipa. Ukinipa mbaya, naharibu kitu nikidhani natengeneza. Kwa nini, Sabdio?"

"Tukikula zingeisha."

"Na zikiisha?"

"Hakuna kitu ya mama ingebaki hapa."

Akko alimshika mkono akamketisha karibu, tope na vyote. "Ulidhani ni wewe peke yako unamkosa? Soko nzima inaniita Mama Anisa. Mama Anisa, gorogoro moja ya mahindi pesa ngapi? Mama Anisa, umeamkaje? Kutoka asubuhi mpaka jioni nasikia jina ya mtoto wangu, na yeye hayuko."

Sabdio alikuwa hajawahi kuliwaza hilo. Waliketi hapo bila kusema kitu, lakini kimya hiki hakikuwa kama kile cha siku zote.

Kisha Akko aliinuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa sana chini. Walichimba shimo nyuma ya nyumba na kufukia kila kilichokuwa ndani ya ndoo. Sabdio alipouliza kama wangewapa kuku, Akko alimkaripia: chakula chenye ukungu hapewi mtu, wala kuku, wala mbuzi. Waliiosha ndoo kwa sabuni na maji ya moto, wakanawa mikono mpaka viwiko.

"Sasa leta zile za mto," Akko alisema.

Zilikuwa kumi na mbili ndani ya mfuko wa kitambaa na tatu mfukoni mwa sketi. Akko aliziuma moja moja na kuzinusa. Zilikuwa zimenyauka kidogo lakini nzima zote, kwa kuwa zilikaa kwenye kitambaa. Waliwasha jiko, na Akko akatupa moja kwenye makaa. Baada ya muda ilipasuka kwa kishindo. Makaa yakaruka, paka wa jirani akatoweka juu ya ua, na Sabdio akajikuta nyuma ya mlango.

Akko alicheka mpaka akakohoa. "Hii ni kama buna!" alisema. "Inataka kuchinjwa kwanza."

Sabdio alielewa mara moja. Wakati wa baraka Waborana, watu wa kwao, hukaanga buna, yaani kahawa nzima na ganda lake, ndani ya samli. Lakini kabla ya kukaanga, kila tunda hung'atwa ncha, na kufanya hivyo huitwa kuchinja buna. Bila hivyo lingepasuka na kumrushia mpishi samli usoni. Akko alileta kisu, akampa Sabdio. Walizichinja kestane kumi na nne, moja baada ya nyingine, wakazimimina kwenye samli ya moto. Mipasuo ilifunguka polepole kwa amani. Akko alizisemea maneno ya dua kama anavyofanya kwa buna, akamtaja Anisa mara tatu. Kisha walizimenya na kuzila kwa maziwa, ila tatu ambazo Sabdio aliomba amwekee mtu.

Akko alitafuna ya kwanza amefumba macho. "Ni kama viazi tamu," alisema.

Sabdio alicheka na kulia kwa pamoja. "Hivyo ndivyo nilimwambia mama umesema!"

"Basi sasa nimesema."

Kesho yake alimkuta Gacheri getini na kumpa zile tatu, akamweleza kwa nini jana alikimbia. Alimweleza yote, hata ndoo. Gacheri alisikiliza huku akimenya. "Mimi ningefanya vile vile," alisema. Alasiri walitembea pamoja mpaka Chechelesi, polepole.

Ijumaa Akko alifunga kazi mapema wakaenda dukani kwa Hoda wote wawili. Sabdio alishika simu mwenyewe. Alisema yote, hakuacha kitu: ndoo, majivu, uongo wa kwanza, wa pili na wa tatu. "Nisamehe, Mama. Tulikula kumi na moja tu," alimalizia.

Jibu lilichelewa. Hoda alikunja shela moja mara tatu. Hatimaye simu ililia.

"Sabdio," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimesikiliza mara mbili. Kwa kestane sijakasirika. Kwa uongo niliumia, halafu nikaona sina mdomo wa kukukemea. Na mimi nimekuficha kitu. Aprili siji. Hawa watu hawawezi kuniachilia mwaka huu, nilijua tangu Desemba. Kila Ijumaa nataka kusema, halafu nasikia sauti yako nashindwa. Nisamehe na wewe."

Sabdio aliweka simu mezani. Alitoka nje akaketi kwenye ngazi ya duka, na machozi yakashuka. Aprili ilikuwa imeondoka, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Pikipiki zilipita, watu wakapita. Akko alikuja akaketi kando yake.

"Umesikia vile mama yako amefanya?" Akko alisema. "Alificha ndio usiumie. Wewe ulidanganya ndio usiumie. Mimi nami nilinyamaza pale nyumbani ndio usinione nikilia. Watu watatu, kila mtu amekaa peke yake na yake. Uongo haukukuondolea upweke, Sabdio, uliongeza. Ukweli unauma, mimi sikatai. Lakini ukishasema, angalau tunaumia pamoja, na mtu anajua pa kukushika."

Alimfuta uso kwa leso yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyowafanyia watoto wote. Sabdio aliinuka, akarudi ndani, akaibonyeza simu.

"Mama, nimesikia. Nimelia hapa kwa ngazi ya Anti Hoda. Usiniambie mwezi mwingine mpaka uujue kabisa. Lakini Ijumaa usikose."

Kabla hajaachia kidole, Akko aliinama karibu na simu na kupiga kelele, kwa kuwa aliamini Uturuki ni mbali na sauti ndogo haifiki.

"Anisa! Hata mimi nimelia!"

Sabdio akaachia kidole, na ujumbe ukaenda.